Nguruwe Akiisha, Kolajeni Inabaki?

Wateja wanaoulizia unga wa kolajeni dukani kwangu wanataka mambo mawili yasiyokaa zizi moja. La kwanza, niwahakikishie kwamba kama asili ya unga ule ni nguruwe, basi nguruwe mwenyewe ameshakwisha: amechemshwa, amechujwa, amekaushwa, amesagwa, hana harufu, hana sura, hana jina. La pili, niwahakikishie kwamba kolajeni iliyomo haijaisha: itapita kooni, itavuka tumbo, itaingia damuni na kwenda kukaa mashavuni na magotini ikiwa kolajeni ileile. Nguruwe afutike, kolajeni idumu. Na yote hayo yatokee kwenye kijiko kimoja, ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, kabla ya chai ya asubuhi.

Mimi ni mfamasia wa Tanga. Duka langu liko Ngamiani, kwenye mojawapo ya barabara zile zenye namba badala ya majina. Ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa mwambao huu, na fiqhi yangu ni ya chuoni tu: Safinatun-Najaa, kijitabu cha Salim bin Sumeir al-Hadhrami, tulichokikariri mkekani huku mawazo yako kwenye maembe ya jirani. Kemia niliisoma baadaye, ukubwani. Elimu hizi mbili ziliishi ndani yangu kwa amani kwa sababu zilikuwa hazisalimiani. Kopo la kolajeni ndilo lililozikutanisha, na zilipokutana zikaanza kubishana.

Kwanza kitu chenyewe. Kolajeni ni protini, na hakuna protini iliyo nyingi kuliko hiyo mwilini: karibu theluthi ya protini zetu zote. Imo kwenye ngozi, kano, gegedu, ufizi na kuta za mishipa ya damu. Imo hata kwenye mfupa: ukiyayeyusha madini yote ya mfupa kwa asidi, utabaki na kitu cha umbo lilelile ambacho unaweza kukipinda kisivunjike, na sehemu kubwa ya kitu hicho ni kolajeni. Wanasayansi wamekwisha kutambua aina 28, lakini aina ya kwanza peke yake inachukua takriban asilimia 90. Umbo lake sisi tuliokulia kati ya mashamba ya mkonge tunalielewa upesi, maana ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Waliouelezea msokoto huo kwa mara ya kwanza ni G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, mjini Madras, India, mwaka 1954, na miongoni mwa vitu walivyovipiga kwa eksirei ilikuwa kano ya mkia wa kangaruu. Kila kiungo cha tatu katika uzi ni glisini, amino asidi ndogo kuliko zote, kwa sababu katikati ya msokoto hapana nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Ikikosewa moja tu mahali pabaya, mtoto anaweza kuzaliwa na mifupa inayovunjika kwa kukumbatiwa.

Kuna sharti jingine, na hili limeacha alama kwenye historia ya pwani yetu. Ili kamba ikaze, mwili lazima upachike oksijeni kwenye viungo fulani vya uzi, na kazi hiyo haifanyiki bila vitamini C. Kamba isiyopachikwa oksijeni hufumuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, nasi miili yetu ni nyuzi 37. Mbuzi hutengeneza vitamini C yake mwenyewe. Binadamu hawezi, anaipata kwa kula. Akiikosa miezi mitatu au minne, ufizi unavimba na kuoza, meno yanalegea, miguu inajaa madoa ya damu. Hicho ndicho kiseyeye.

Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, Aprili 1498, alikuwa na wagonjwa wa kiseyeye. Mfalme wa Mombasa, ambaye hawakuwa wameaminiana naye hata kidogo, alipeleka merikebuni kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliandika kwamba ilikuwa rehema ya Mungu na uzuri wa hewa ya mji. Sina ugomvi na rehema. Ninachoshangaa ni jinsi alivyoyataja machungwa mahali pengine bila kuyaunganisha na uponyaji. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India baada ya karibu miezi mitatu baharini bila kutia mguu nchi kavu, walizika majini watu wapatao 30, na kila chombo kikabakiwa na mabaharia saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi, Januari 1499, jambo la haraka lilikuwa kumtuma mtu pwani akalete machungwa, kwa maana wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Wengine walikuwa wameshachelewa. Siku chache baadaye, kwenye miamba iliyo karibu na Mtangata, kusini kidogo ya mji wetu, waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Nikienda Tongoni, pwani hiyohiyo, kutazama yale magofu ya msikiti na makaburi, huitazama bahari na kukumbuka kwamba hapo chombo kizima kiliteketezwa kwa sababu nyuzi fulani ndani ya watu zilikataa kusokotana.

Sasa, mabaharia wale walikuwa wakila nini? Biskuti kavu na nyama ya chumvi. Nyama ina kano, ina ngozi, ina utando, yaani kolajeni tele. Waliila kila siku waliyoweza kuipata, na kolajeni yao wenyewe ikazidi kuoza. Kolajeni ya ng'ombe haikwenda kuziba pengo la kolajeni ya baharia. Ilifika tumboni ikavunjwavunjwa, na vipande vyake vikasubiri fundi aliyekuwa hana kifaa.

Hapa wateja wangu hunikatiza. Wanasema wamemwona mtu, ameng'ara. Nami siwakatalii kwa ujeuri. Ni kweli kwamba tumbo halimalizi kila kitu: vipande vidogo vya amino asidi mbili mbili, prolini na haidroksiprolini zikiwa zimeshikana, huonekana kwenye damu ya mtu aliyekunywa unga huu, na wapo watafiti wanaodhani vipande hivyo huziamsha seli za ngozi zifanye kazi. Yapo majaribio yaliyoonyesha ngozi kushika unyevu zaidi baada ya wiki nane au kumi na mbili. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025, uliokusanya majaribio 23, ulipoyatenga yale yasiyolipiwa na kampuni za dawa, faida haikuonekana. Na mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema tangu 2011 kwamba haijathibitika kuwa unga huu unatunza viungo. Nikijumlisha yote, jibu langu la kifamasia ni fupi: labda kidogo, labda hapana. Sitaki kulirefusha, kwa sababu swali linaloninyima usingizi si hilo.

Linaloninyima usingizi ni lile la nguruwe.

Katika Safina tulifundishwa kwamba vitu vitatu ndivyo vinavyoweza kutoka kwenye najisi vikawa tohara: mvinyo uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu, ngozi ya kibudu ikishadabighiwa, na kile kilichogeuka kiumbe hai. Vitatu tu, na kwenye ngozi mbwa na nguruwe wametolewa. Wanachuoni wanauita mgeuko huu istihala, na madhehebu hayakuupima kwa kipimo kimoja. Miongoni mwa Wahanafi kuna mfano maarufu wa punda aliyetumbukia kwenye machimbo ya chumvi akafa humo, na baada ya muda naye akawa chumvi. Muhammad al-Shaybani alisema hiyo sasa ni chumvi, ni tohara. Abu Yusuf, mwenzake aliyesoma kwa mwalimu yuleyule Abu Hanifa, hakukubali. Ibn Hazm wa Andalusia alikuwa na msimamo mkali zaidi kuelekea wepesi: hukumu hufuata jina, na kitu kikishapoteza sifa zilizokipa jina, hukumu ya jina lile imeondoka nalo. Kwetu sisi Washafii, Imam Nawawi na wenzake walisimama upande wa pili kabisa, hata najisi iliyochomwa ikawa majivu, majivu yale bado ni najisi.

Utotoni niliona huu wa kwetu kuwa ugumu wa bure. Majivu ni majivu, nikawaza. Siku hizi nauheshimu zaidi, na aliyenifanya niuheshimu ni kemia.

Jelatini, ambayo ndiyo ganda la vidonge vya rangi mbili na ndiyo inayofanya peremende zinyumbuke, ni kolajeni iliyofumuliwa kwa joto. Ngozi ya nguruwe hulowekwa kwenye asidi, ngozi na mifupa ya ng'ombe mara nyingi hulowekwa kwenye chokaa kwa majuma kadhaa, kisha hupikwa kwenye maji moto, na nyuzi tatu zinaachana. Mwaka 1995, mkutano wa mafakihi na madaktari uliofanyika Kuwait chini ya Taasisi ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba ulitamka kwamba huo ni mgeuko kamili, na kwa hiyo jelatini itokayo kwenye mifupa, ngozi na kano za mnyama najisi ni tohara na yaliwa. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Amman na kusema kinyume: jelatini ya nguruwe haifai katika chakula, na ile ya mimea au ya wanyama waliochinjwa kisheria inatosheleza.

Mimi nawaheshimu wa Kuwait, lakini maabara haiko upande wao. Nyuzi zikiachana hazijapoteza mpangilio wa viungo vyake. Mpangilio wa nguruwe unatofautiana kidogo na wa ng'ombe, na mashine za kupima uzito wa molekuli zinaweza leo kuchukua peremende moja na kusema ilitoka kwa mnyama yupi. Kitu ambacho mashine bado inamsoma mwenyewe ndani yake, nitasemaje kwamba mwenyewe ameondoka? Punda wa Shaybani alikuwa chumvi tupu, na chumvi haina kumbukumbu ya punda. Jelatini inayo. Hata unga wa kolajeni wa kwenye kopo, uliokatwakatwa kwa vimeng'enya hadi ukawa vipande vifupi vinavyoyeyuka majini, bado ni vipande vyenye mpangilio. Vikikatwa zaidi, hadi kila amino asidi isimame peke yake, hapo ndipo hakuna mpangilio tena wa kutofautisha glisini ya nguruwe na glisini ya maharage.

Na wapi huko glisini inakosimama peke yake? Ndani ya utumbo. Istihala ya kweli, ile ambayo hata mimi na ukali wangu wa Kishafii ningeikubali, inatimia ndani ya mlaji, yaani akishakula. Anayetafuta ruhusa kwa hoja hiyo ameitafuta mahali ambapo haimsaidii tena.

Hivyo namrudia mteja wangu. Nikimwambia mgeuko umekamilika, hakuna nguruwe, basi na kolajeni hakuna, analipia amino asidi zilezile zinazopatikana kwenye dagaa na kunde. Nikimwambia kolajeni inabaki na sifa zake, ndiyo maana inafanya kazi ambayo kunde haiwezi, basi nimemwambia pia kwamba asili imebaki. Kadiri tangazo linavyokuwa kweli, ndivyo hukumu inavyokuwa nzito. Sijapata bado muuzaji wa jumla aliyelifurahia jambo hili nikimwambia.

Mtu anaweza kuniuliza: kwa nini asili iwe na uzito hata kidogo? Tukikubaliana kwamba hatimaye yote huwa amino asidi, si ushirikina kuuliza amino asidi ilikotoka? Hili ni swali zuri, na jibu nililolipata halikutoka kitabuni mwa fiqhi. Lilitoka kwenye kisigino.

Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1963, mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia hewani mfululizo, na kiwango cha kaboni 14 angani kikakaribia kuwa mara mbili ya kawaida. Baada ya mkataba wa 1963 kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea ilivuta hewa hiyo, wanyama wakala mimea, watu wakala vyote viwili. Kwa hiyo kila kilichojengwa mwilini miaka ile kina tarehe. Mwaka 2013, watafiti wa Copenhagen walichapisha matokeo ya kupima kano ya kisigino, ile nene iliyo nyuma ya kifundo, kutoka kwa watu waliozaliwa miaka mbalimbali. Kiini cha kano hiyo kilikuwa na kaboni ya utoto na ujana wao. Hadi miaka 17 hivi kinajengwa, na baada ya hapo hakibadilishwi tena kwa kiasi chochote cha kupimika. Mengine mwilini yanafanywa upya kila mara. Ngozi hubadilisha kolajeni yake taratibu, na kovu halitulii hata kidogo: katika safari ya Mwingereza Anson ya kuizunguka dunia, miaka ya 1740, baharia mmoja mwenye kiseyeye alifumuka majeraha aliyoyapata kwenye vita vya Boyne vya 1690, yaliyokuwa yamepona kwa nusu karne. Kumbe kovu ni kitu kinachoshonwa upya daima. Kano ya kisigino haishonwi upya.

Mimi nimezaliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Hesabu inaniambia kwamba kano ninazotembelea leo zilikamilika katikati ya miaka ya themanini. Humo ndani mna samaki wa Deep Sea hapa Tanga, mna nazi, mna mihogo ya bibi yangu wa Pangani, na mna unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani tulioupangia foleni na kuula kwa manung'uniko. Mahindi yale hayako tena. Hakuna atakayenichunguza akasema huyu ni hindi. Mgeuko wake ulikamilika kuliko wa siki na kuliko wa punda. Hata hivyo kaboni yake imo, na inasema yaliota lini. Kitu kinaweza kuwa kimekwisha kabisa kwa jina, kwa umbo na kwa sifa, na historia yake isiwe imekwisha.

Nadhani hapo ndipo madhehebu yangu yaliposimama bila kipimo cha kaboni. Maabara huuliza kitu hiki sasa ni nini. Sheria inaongeza swali la pili, kimepitia wapi hadi kukufikia. Fedha iliyoibwa ikinunua mchele, mchele hauna kasoro yoyote ya kikemia.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa maana kuna upande ambao maada haina uzito hata kidogo, na Ghazali ndiye aliyenionyesha. Wanafalsafa wa zama zake walikuwa na swali la kumbana mtu anayeamini ufufuo wa miili: mtu akila mtu, au mtu akizikwa, udongo wake ukaotesha nafaka, nafaka ikaliwa na mwingine, siku ya kufufuliwa nyama ile itakuwa ya nani? Ni swali la kolajeni, kwa kweli, kwa sababu linahusu vipande vinavyohama kutoka mwili hadi mwili. Katika kitabu chake cha Tahafut, Ghazali hakuhangaika kugawana vipande. Alijibu kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake, na nafsi inaweza kurudishiwa mwili wa maada ileile au ya maada nyingine, na angekuwa bado yeye, kama vile alivyokuwa yeye utotoni na uzeeni ingawa chakula kilikuwa kimeubadilisha mwili. Hakujua habari za kano za kisigino, na hazimvunjii hoja.

Basi tuna mambo mawili ya kushika kwa pamoja. Mimi si vipande vyangu. Na bado vipande nilivyovipokea nina jukumu navyo. Sioni mgongano. Utu wangu hautegemei glisini ilikotoka, ndiyo maana nguruwe aliyeliwa kwa bahati mbaya hamgeuzi mtu kuwa nguruwe, na wanaotisha watoto kwa maneno hayo wanafundisha uchawi. Lakini kitendo cha kupokea ni changu, na ndicho nitakachoulizwa.

Kwa kuwa ni kitendo, haja inakibadilisha. Imam Nawawi huyohuyo wa majivu, katika Minhaj aliyoiandika karne ya 13, ana mstari kuhusu mtu aliyevunjika mfupa akaungwa kwa mfupa najisi kwa kukosa ulio tohara: huyo ana udhuru. Niliusoma mstari huo nikiwa mtu mzima nikacheka kwa furaha, maana leo hii kuna watu wanaotembea na vali za moyo za nguruwe. Vali hizo hulowekwa kwenye glutaraldehaidi, dawa ambayo pia hutumika viwandani kudabighi ngozi. Inafunga nyuzi za kolajeni zisioze, kazi ileile iliyofanywa zamani na magome ya mikoko ya Rufiji. Kwa hiyo ndani ya kifua cha Mwislamu mcha Mungu panaweza kuwa na vali ya nguruwe iliyodabighiwa, inafunguka na kufunga kila mpigo wa moyo akiwa kwenye sijida, na fakihi mkali wa Damascus alishamwekea udhuru miaka zaidi ya mia saba iliyopita.

Kwa kipimo hicho, kapsuli za antibaiotiki nawauzia watu bila kusita ikiwa hakuna vidonge vya kawaida wala kapsuli za selulosi za dawa hiyo. Wapo wanaofungua ganda nyumbani, wakamwaga unga kwenye uji na kulitupa. Nawakataza inapokuwa doksisaiklini, kwa kuwa unga wake unaweza kuunguza koo la chakula. Ama unga wa kulainisha makunyanzi, huo udhuru wake siuoni. Makunyanzi si maradhi. Kolajeni ya ngozi hupungua takriban asilimia 1 kila mwaka tangu ujanani, na kwa sisi wanawake kasi huongezeka hedhi ikikoma. Ni njia ya kila aliyepewa umri.

Watu hufikiri swali linaishia kwa nguruwe. Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka sabini na kitu mwenye magoti yanayolia, alinifundisha vingine. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akalichukua kopo kwenye rafu, akalishika mbali na macho ili asome.

"Limeandikwa ng'ombe," nikamwambia. "Si nguruwe."

"Nimeona ng'ombe, mwanangu. Sasa huyu ng'ombe kachinjwa na nani?"

Kopo lilitaja nchi, uzito na ladha ya stroberi. Mchinjaji halikumtaja. Na bibi alikuwa amegusa jambo ambalo wengi wetu tunalipita. Ng'ombe asiyechinjwa kisheria ni kibudu. Ngozi yake ikidabighiwa inakuwa tohara kwetu, unaweza kuswali juu yake, lakini kuila ni jambo jingine: Mtume alipowaona watu wamemtupa kondoo aliyekufa, aliwauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaidabighi wakanufaika nayo, na akawabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Kwa Mshafii, kopo la ng'ombe asiyejulikana mchinjaji lina shaka yake, na neno "ng'ombe" peke yake halitoshi kuiondoa. Unga wa samaki hauna tatizo hilo, maana samaki hahitaji kisu. Kule Ziwa Victoria mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vilivyojaa kolajeni, yanasafirishwa hadi China kwa bei inayoizidi minofu kwa mbali. Unga wa samaki nao kwangu ni ghali mara mbili.

"Basi mimi nitakunywa supu yangu ya makongoro," bibi akasema. "Mchinjaji namjua, na baba yake nilimjua. Itanifika magotini?"

Nilimwambia kwamba tumbo halina upendeleo: makongoro yatavunjwavunjwa vilevile. Akamulie ndimu, apungue uzito kidogo, atembee asubuhi, na magoti ayalete hospitali wakayatazame. Akaniuliza kama ndimu ni ya dini au ya dawa. Nikamsimulia habari za Malindi.

Sheikh wa msikiti wetu nimempelekea hoja hii yote. Kwenye unga wa urembo tuko pamoja, kwenye antibaiotiki tuko pamoja. Tumekwama kwenye matone ya vitamini A, yale wanayopewa watoto kliniki mara mbili kwa mwaka, kapsuli ya bluu kwa wadogo na nyekundu kwa waliozidi mwaka. Ganda ni jelatini. Muuguzi hukata ncha, hukamua mafuta mdomoni, ganda hutupwa, kwa hiyo mtoto halimezi. Sheikh anasema tusiharakishe: mafuta ni majimaji, yamelala ndani ya ganda lile miezi na miezi, na kimiminika kilichogusana na najisi kina mlango wake katika fiqhi. Mimi nasema ganda lenyewe asili yake ni shaka tu, na upofu wa usiku kwa mtoto si shaka, na mstari wa Nawawi kuhusu mfupa unatosha. Anasema mfupa ni mfupa. Nasema jicho nalo lina kolajeni. Ijumaa iliyopita aliniomba nimletee kapsuli moja ya kila rangi, tuikate mbele yake aone.